Mzee, Kijana na Vipimo vya Wauguzi

Jumamosi asubuhi chumba cha mbele cha nyumba ile hakikuwahi kuwa na nafasi. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, pini tatu mdomoni. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, Shangazi alishona vifungo huku akiangalia nani anapita na nani amemfuata. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Redio. Habari ikimfikia asubuhi, mchana ilikuwa imeshawafikia hata wasioihitaji.

Binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili, alifagia vipande vya kitambaa, akapanga nyuzi kwa rangi zake, kisha akafuta vumbi kwenye kompyuta iliyokaa pembeni. Akishaiwasha hiyo kompyuta, hakuwa mfagiaji tena. Alikuwa Profesa.

Jina hilo alilipata kwa Shangazi Redio siku kompyuta ilipoingia nyumbani. Aliileta Mjomba, kaka yake Mama, ambaye kazi yake ya kutengeneza minara ya simu humpeleka mbali miezi mingi. Ilikuwa kompyuta kuukuu yenye mifumo endeshi miwili. Kila ilipowashwa, iliuliza kwanza utumie mfumo upi. Wa zamani ulichelewa kuamka, ukakoroma, ukaganda, lakini ndio pekee ulioelewana na printa. Wa pili ulikuwa mpya na mwepesi.

"Kumbe mna Mzee na Kijana ndani ya nyumba moja," Shangazi Redio alisema. Majina yakaganda hapo hapo. Tangu siku hiyo watu waliulizana, "Leo tunamwamsha nani, Mzee au Kijana?"

Kabla ya kusafiri, Mjomba alimkalisha Profesa chini. "Sikiliza vizuri. Kijana anaweza kuingia chumbani kwa Mzee na kusoma faili zake zote. Mzee haelewi chochote kilichomo chumbani kwa Kijana. Ukitaka kuchapa kitu ulichokiandika kwa Kijana, kinakili ukiwa huko huko, ukipeleke kwa Mzee. Baada ya hapo ndipo uzime, umwamshe Mzee, uchape. Umeandika?"

"Yameshaingia kichwani, Mjomba."

"Kichwani hakuna karatasi. Andika."

Hakuandika.

Mwezi ule Mama alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: magauni thelathini na manane ya wanafunzi wauguzi, ya kuvaa siku ya mahafali yao. Wote walikuja kupimwa kwa siku mbili, wakajaa mpaka barazani, vicheko juu. Mama alipima kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono na urefu wa gauni, akaandika kila kitu kwenye daftari. Wanafunzi kisha wakatawanyika kwenda kufanya mazoezi katika zahanati za mbali, nyingi zikiwa mahali simu haishiki. Wangerudi asubuhi ile ile ya mahafali. Mkuu wa chuo alikuwa amesema bila kuzunguka: magauni yakikaa vizuri, kazi ya kila mwaka ni ya Mama. Yasipokaa vizuri, kuna fundi mwingine anayesubiri.

Ni Profesa aliyemshawishi Mama aachane na daftari. "Mama, daftari linalowa, linapotea. Mimi nitaingiza vipimo vyote kwa Kijana." Akafanya hivyo jioni nne mfululizo, na Mama akamwangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake ikijengwa. Daftari likabaki bila kazi. Kurasa zake zilikuwa ngumu na nzuri, kwa hiyo Shangazi Redio alizikata kuwa vielelezo vya mifuko, na mifuko ya magauni yote ikakatwa kwa kufuata karatasi hizo.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na mahafali yalikuwa Jumamosi inayofuata. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimekunjwa mezani.

"Profesa," Mama alisema kwa meno, kwa sababu ya pini, "nichapie vile vipimo nivibandike ukutani. Leo naanza kukata."

Majirani wawili walikuwa wamekuja kuulizia nguo zao, wakakaa, wakasahau kuondoka. "Hebu tumwone Profesa kazini," alisema mmoja wao. Profesa akanyoosha mgongo. Akamwamsha Mzee, kwa sababu printa ilikuwa ya Mzee. Mzee alipomaliza kukoroma ndipo Profesa alipokumbuka kwamba hakunakili faili. Ilimpasa azime, amwamshe Kijana, anakili, azime tena, amwamshe Mzee tena. Hiyo ni nusu saa nzima, na watu wanamtazama.

Kwenye orodha ya diski aliona moja isiyo na jina. Chumba cha Kijana hicho, alijiambia. Huenda Mzee naye amejifunza kusoma. Akabofya.

Kisanduku kikatokea. Mjomba alikuwa ameweka kila kitu kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna wa kusingizia lugha. Kilisema: Lazima diski hii iandaliwe upya kabla ya kutumika. Je, unataka kuiandaa? Profesa alikuwa na mazoea ya kubonyeza "Ndiyo" kama mtu anayefukuza nzi. Akabonyeza. Kikaja kisanduku cha pili chenye neno Anza. Akabonyeza. Kikaja cha tatu, chenye alama ya onyo ya manjano: Kila kitu kilichomo kitafutika.

"Hiyo ya manjano ni nini?" jirani aliuliza.

"Kawaida tu," alisema Profesa, na kidole kikashuka.

Mstari wa kijani ukakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ukaisha. Diski ikafunguka. Ndani mlikuwa mweupe. Hakuna faili. Akafunga, akafungua tena. Mweupe.

Masikio yake yakawa kama yamejaa maji. Aliisikia sauti ya Shangazi Redio akisimulia habari za harusi ya mtu fulani, lakini maneno hayakuwa na maana. Alizima kompyuta, akaiwasha. Labda Kijana angetokea, acheke, aseme nilikuwa najificha. Hakutokea Kijana. Hakutokea Mzee pia. Skrini ilibaki nyeusi, ikiwa na mstari mmoja wa maandishi na kialama cheupe kinachopepesa, kinapepesa, kinasubiri kitu asichojua ni nini.

"Vipi, Profesa?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Umeme..." Neno lilimtoka kabla hajalichagua. "Umeme umekatika kidogo, ukarudi. Kompyuta imegoma."

Hakuna aliyeweza kumkatalia. Cherehani ilikuwa ya mguu, na taa haikuwa imewashwa kwa kuwa ni mchana. Mama alichomoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akazichoma kwenye kifuko. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Daftari liko wapi, wifi?"

Shangazi Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na habari ya kutoa. Alileta rundo la karatasi zilizokatwa umbo la mfuko, chini mviringo, juu zimenyooka. Mama akaokota moja, akaisogeza dirishani. "Kifua thelathini na... na nini? Imekatwa. Hapa kiuno kipo, cha nani? Jina limekwenda na mkasi." Akaiweka chini taratibu, akakaa juu ya vitambaa vyeupe, jambo ambalo humkataza kila mtu. Majirani wakaaga mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za watu wanaotoka kwa mgonjwa.

Simu ya Mjomba haikupatikana. Wakampigia fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mwanamke mrefu aitwaye Fundi Miwani, ambaye alikuwa na miwani miwili: moja machoni, nyingine kichwani, na kila siku alikuwa akitafuta moja kati ya hizo.

Alifika saa saba mchana na mkoba wake. Profesa alimwamkia kwa sauti ndogo, akajibanza kati ya kabati na ukuta. Saa zile zilizopita alikuwa amepanga maneno mara nyingi. Kila alipofungua mdomo, Mama alikuwa anapiga simu nyingine isiyopokelewa.

"Ilikuwaje?" Fundi Miwani aliuliza.

"Umeme ulikatika ikiwa inafanya kazi," alijibu Mama.

"Hiyo nimeiona mara nyingi. Sehemu ya kuwashia huharibika, lakini faili za watu huwa hazina shida. Nitamweka Kijana upya juu ya Kijana aliyeharibika, na vitu vyenu mtavikuta palepale." Akachomeka flashi. Akabonyeza hiki na kile, maandishi yakapita. Kisha akasimama. "Hakuna aliyefuta kitu wala kuandaa diski upya? Nauliza kwa sababu kama yupo, hii kazi yangu ndiyo itakayovizika moja kwa moja."

Mama alicheka kicheko kichovu. "Nani afute, dada? Anayeigusa ni mtoto wangu huyu peke yake. Na huyu anajua anachofanya."

Fundi Miwani akashusha mkono kwenye kibodi.

Profesa alikiona kile kidole. Alijua kwamba akinyamaza, siri yake itazikwa pamoja na vipimo, na hakuna atakayejua kamwe. Umeme ndio utakaolaumiwa. Alijua pia kwamba Mama atakaa juu ya vitambaa vyake wiki nzima akisubiri kitu ambacho hakipo. Akachomoka kati ya kabati na ukuta.

"Usibonyeze!"

Kila mtu aligeuka. Hata mpita njia mmoja alichungulia.

"Umeme haukukatika," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanakimbilia kidevuni. "Mzee aliniuliza kama nataka kuiandaa diski. Nikabonyeza ndiyo. Aliuliza mara tatu. Sikusoma. Watu walikuwa wananitazama."



Fundi Miwani aliondoa kidole kwenye kibodi kama mtu anayeondoa mkono kwenye sufuria ya moto. Akachomoa flashi. "Baada ya hapo uliandika chochote? Ulihifadhi kitu kipya?"

"Hapana. Nilizima nikawasha tu."

"Njoo hapa, Profesa." Hakulisema jina lile kwa kejeli. "Kompyuta hii ni nyumba yenye wapangaji wawili. Kijana anasoma mwandiko wa vyumba vyote. Mzee anasoma mwandiko wa chumba chake tu. Akichungulia kwa Kijana, haoni vitu, anaona fujo, anadhani chumba hakina mtu. Kwa hiyo anauliza: nikifanyie usafi, kiwe changu? Wewe ukamwambia ndiyo. Mzee ameichana orodha ya vitu. Vitu vyenyewe vingi bado vimelala sakafuni. Ningeweka mfumo mpya juu yake, ningevikanyaga vyote."

"Vitapatikana?" Mama aliuliza.

"Siahidi, mama. Nitajaribu."

Mama akarudi kwenye cherehani. Mguu wake ulikanyaga pedali, sindano ikapanda na kushuka, lakini hakukuwa na kitambaa chini yake.

Fundi Miwani aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkobani, akaanzisha programu ya kutafuta. Namba zilianza kupanda polepole mno. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Profesa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akizitazama. Hakuwa na la kufanya, na hilo lilimuumiza kuliko kiboko. Alitamani atumwe sokoni, aoshe vyombo, achimbe shimo, chochote. Hakuna aliyemtuma. Shangazi Redio alimpitishia kikombe cha maji.

Saa nane na nusu programu ikakoma. Ilikuwa imeokota faili mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina.

"Majina yalikuwa kwenye ile orodha iliyochanwa," alisema Fundi Miwani, akitafuta miwani yake ya kichwani machoni na ya machoni kichwani. "Mimi sijui sura ya faili lenu. Aliyeliandika ndiye atakayelitambua. Haya, kaa."

Profesa akakaa. Akafungua ya kwanza: picha ya mtindo wa gauni. Ya pili: insha yake ya shule, imekatika katikati. Ya tatu ilikuwa takataka, herufi zilizochanganyikana. Safari hii alisoma kila kitu, hadi kisanduku kidogo kilichouliza kama afunge. Kufika faili la mia moja macho yalimwasha. Kufika la mia mbili na hamsini alianza kuamini kwamba halipo. La mia tatu na tisa lilifunguka likiwa na safu saba: jina, kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, gauni.

Hakupiga kelele. Aliogopa lingekimbia. "Mama," alisema tu.

Mama aliinama nyuma yake, akasoma majina kwa kidole, akihesabu kwa kunong'ona. Yalikuwa thelathini na matatu. Hiyo ilikuwa nakala ya jioni ya tatu. Waliobaki watano, Profesa aliwaingiza jioni ya nne, na faili la jioni ya nne, ingawa alipekua hadi la mwisho, lilikuwa miongoni mwa zile takataka.

Basi akashuka sakafuni na lile rundo la karatasi zilizokatwa umbo la mfuko. Alizipanga kwa mistari ya daftari na kwa rangi ya wino, akaziunganisha kwa gundi ya karatasi. Shangazi Redio naye akapiga magoti. "Hii mimi niliikata vibaya, nakumbuka, mkasi uliteleza. Jirani yake ni hii." Kufikia saa kumi na moja wanne walikuwa wamekamilika. Wa tano alikuwa na jina na kifua. Vipimo vingine vilikuwa vimekwenda na vumbi la ufagio.

"Nani huyo?" Shangazi Redio akasoma jina. "Ah! Huyu mrefu, anayecheka mpaka anakohoa? Huyu hakwenda mbali. Yupo zahanati ya karibu na kituo cha mafuta. Nilimwona juzi akimfunga mtoto kidonda, na mama wa mtoto huyo, ngoja niwaambie..."

"Utatuambia Profesa akirudi," Mama alisema. Akavua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake tangu asubuhi, akamvisha Profesa. "Nenda. Na ukifika, usiseme ni umeme."

Profesa alitembea haraka, jua likiwa bado juu ya mapaa. Kwenye zahanati, wagonjwa watano walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mwanafunzi muuguzi alitoka akikausha mikono.

"Shikamoo. Nimekuja kukupima tena. Vipimo vyako nimevifuta mimi. Nilibonyeza bila kusoma."

Wagonjwa wote waliacha kuumwa ili wasikilize.

"Yaani kompyuta yenu imekula kiuno changu?" Yule muuguzi alicheka mpaka akakohoa, kisha akainua mikono. "Pima upesi, kabla hakijaongezeka."

Aliporudi, Fundi Miwani alikuwa ameshaweka Kijana upya, na alikuwa pia ametenga sehemu ya tatu kwenye diski. "Hapa ni sebuleni," alieleza. "Nimeiandaa kwa mwandiko ambao Mzee anausoma na Kijana anausoma. Faili linalowahusu wote wawili likae hapa. Na nakala nyingine iwe kwenye flashi, nje ya nyumba kabisa." Profesa akawaongeza wale watano kwenye faili, na printa ikatema kurasa mbili zenye majina thelathini na manane. Mama akazibandika ukutani, akachukua mkasi mkubwa, akakata gauni la kwanza kabla jua halijazama.

Magauni yaliisha Ijumaa. Siku ya mahafali wauguzi walipita mtaani wakiwa weupe kama karatasi, na Shangazi Redio akautangazia mtaa gauni la nani ni la nani bila kuulizwa. Mkuu wa chuo alisema neno moja tu kwa Mama: "Mwakani."

Jioni hiyo Mama alimwita binti yake. Mezani palikuwa na daftari jipya.

"Kukosea kubonyeza, hata mimi nimewahi kukata mkono wa gauni mara mbili upande mmoja," alisema. "Hilo sikukasirikia. Lakini uliniacha kuanzia asubuhi mpaka saa saba nikihangaika na umeme ambao haukukatika. Fundi angeifuata hiyo habari ya uongo, akavizika vipimo kwa mikono yake mwenyewe, na mimi ningemshukuru. Anayekusaidia hawezi kutengeneza jambo usilomwambia. Ukiharibu, sema ulichofanya, vile vile ulivyokifanya, na sema mapema, kabla mtu hajabonyeza kingine juu yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Haya. Fungua ukurasa wa kwanza uandike yale aliyokwambia Mjomba."

Profesa akaandika. Alipomaliza, akawasha kompyuta ili ahifadhi nakala sebuleni. Kisanduku kikatokea. Akarudisha mkono pajani, akakisoma chote kwa sauti, kuanzia neno la kwanza.

"Soma tena," Shangazi Redio alisema kutoka mlangoni. "Sikusikia vizuri."

Akasoma tena.